Fundi Anajibu: eksteno moja, Windows, Mac na Linux

Mwezi huu karibu barua zote zilizokuja zinalia na kitu kimoja, eksteno (ile diski ya nje ya kuchomeka kwa USB) ambayo huku inafunguka na kule inagoma, kwa hiyo nimeona ukurasa wote tuumalize na hilo hilo. Barua nyingine nimezifupisha manake zilikuwa ndefu, ila swali lenyewe sijaligusa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi kazini natumia Windows, nyumbani kompyuta ni ya mume wangu na ni Mac. Nina eksteno ya 1TB ina picha na video za familia pamoja na kazi zangu za ofisini. Nikiichomeka kwenye Mac mafaili yote nayaona na video zinacheza vizuri, lakini nikitaka kupesti kitu haikubali, kufuta haikubali, hata kubadilisha jina la folda tu haikubali. Kuna mtu kaniambia ina virusi, je ni kweli? Na nifanyeje itumike kote kote?

JIBU: Marahaba dada yangu. Virusi hawahusiki hapo, na eksteno yako ni nzima kabisa. Kinachokusumbua ni namna ilivyofomatiwa. Diski yoyote kabla haijabeba faili hata moja lazima ipewe mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kuandika kwamba faili hili linaitwa hivi, linaanzia hapa linaishia pale, na nafasi ile bado iko wazi. Sasa shida ni kwamba kila upande una utaratibu wake. Windows wanatumia NTFS, ipo tangu 1993. Mac walikuwa na HFS+ tangu 1998 afu 2017 wakahamia APFS. Linux wengi wako kwenye ext4, ambayo ilitoka rasmi 2008. Eksteno yako ni NTFS, na Mac wameipa uwezo wa kusoma NTFS tu, kuandika hawakuipa. Ndo maana unaona kila kitu ila huwezi kugusa chochote.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kununua programu ya kuiwezesha Mac kuandika NTFS, zipo na zinafanya kazi, lakini hiyo programu inabidi iwe kwenye kila Mac utakayochomeka, na mfumo wa Mac ukipata apdeti kubwa mara nyingine unangoja nayo iapdetiwe ndo uendelee na kazi. Kwa familia yenye Mac moja inavumilika. Ya pili, na ndo ninayokushauri, ni kuifomati kwa exFAT. Hii Microsoft waliitoa 2006 kwa ajili ya vitu vya kuhamisha hamisha kama flashi na kadi za kamera, Mac wakaanza kuikubali kuanzia toleo la 10.6.5 mwaka 2010, na Linux iliingia kwenye kenel yenyewe (kiini cha mfumo) toleo la 5.4 mwishoni mwa 2019 baada ya Microsoft kuweka wazi maelezo yake ya kiufundi mwaka huo huo. Kwa hiyo sa hivi kompyuta yoyote isiyo ya zamani sana inaisoma na kuiandika bila kuongeza programu yoyote. Linux ya zamani kidogo utaongeza kifurushi kinaitwa exfat-fuse na mambo yanaendelea.

Lakini nisikilize vizuri hapa dada: kutoka NTFS kwenda exFAT hakuna mlango wa kupita na mafaili yako mkononi. Kufomati kunafuta kila kitu. Kwanza hamisha yote yaliyomo uyaweke sehemu nyingine, fungua picha kadhaa na video kadhaa huko ulikoziweka uhakikishe zinafunguka kweli (sio kuona jina tu ukaridhika), ndo urudi kuifomati. Kwenye Windows ni kubonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya diski, unachagua Format, afu exFAT. Ukiamua kufomatia kwenye Mac, ndani ya Disk Utility fungua kwanza menyu ya View uchague Show All Devices, afu chagua diski nzima ile ya juu kabisa na sio kajina kalikoingia ndani yake, na kwenye Scheme uweke GUID Partition Map. Watu wengi wanaipita hiyo Scheme bila kuiangalia, diski inabaki na mpangilio wa zamani wa Mac, wakirudi Windows haionekani wanadhani imekufa.

Na exFAT ina udhaifu wake ambao ni lazima uujue kabla hujaweka picha za watoto humo. NTFS, ext4 na HFS+ zina daftari la ndani, kabla ya kubadilisha kitu kwenye mpangilio wa diski zinaandika kwanza kwamba nataka kufanya hivi, ili umeme ukikatika katikati kompyuta ikirudi ijue iliishia wapi. exFAT haina daftari hilo. Tena FAT32, mfumo wa faili wa zamani kabla ya exFAT, angalau ilikuwa inaweka nakala mbili za jedwali lake, exFAT kwa kawaida inaweka moja tu. Kwa hiyo ukiichomoa ghafla wakati inaandika, ile sehemu inayosema mafaili yako wapi inaweza kuharibika na folda nzima ikapotea machoni, japo data yenyewe bado imo. Kila ukimaliza, itoe kwa utaratibu kwenye kompyuta kwanza ndo uchomoe kebo, kila mara, hata kama una haraka. Na picha za familia zisikae hapo peke yake, nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine ambayo haitembei tembei.

SWALI: Fundi, nimeazimwa eksteno na rafiki yangu anayetumia Mac, kuna kazi yetu ya chuo humo. Nikichomeka kwenye laptopu yangu ya Windows inakuja meseji kwamba inabidi niifomati kabla ya kuitumia. Nibonyeze kukubali? Bado sijabonyeza, ila nataka kujua nikikubali mafaili yatabaki?

JIBU: Usibonyeze! Nimefurahi sana umeuliza kabla, manake hiyo meseji imewapotezea watu kazi za miaka. Windows haimaanishi kwamba diski ni mbovu au iko tupu. Inachomaanisha ni kwamba imekutana na mfumo wa faili isioujua, na badala ya kusema sijui kusoma hii, inakuletea ofa ya kuifuta. Diski ya Mac yenye APFS au HFS+ itakuletea meseji hiyo, ya Linux yenye ext4 vile vile. Funga hilo dirisha, toa eksteno, mrudishie rafiki yako akukopie hayo mafaili kwenye flashi ya exFAT au ayatume kwa intaneti. Kama kuna haraka zipo programu za kuifanya Windows isome diski za Mac, ila kwa kazi ya mara moja wala hazina haja.

Na kwa wale ambao mmeshabonyeza (barua za namna hiyo ziko tatu hapa mezani, najua mnavyojisikia), kitu cha kwanza ni kuacha kuandika chochote kwenye hiyo diski. Usikopi kitu ndani, usiifomati tena ukidhani utairudisha ilivyokuwa. Ile fomati ya haraka, ambayo Windows imeitiki yenyewe, inatengeneza jedwali jipya tupu lakini sehemu kubwa ya data ya zamani inabaki ilipokuwa mpaka kitu kingine kije kukaa juu yake. Zipo programu za bure, TestDisk na PhotoRec, zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux zote. TestDisk inatafuta patisheni ya zamani (yaani ule mgawanyo wa diski uliokuwepo), na PhotoRec inachimba mafaili moja moja kwa kuangalia yameanzaje. Hiyo PhotoRec majina ya mafaili hairudishi, utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba na utakaa kuzipanga upya, ila picha zenyewe unazo. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe sio hiyo hiyo unayoichimba. Kama eksteno yako ni SSD (zile za chipu, zisizo na sahani inayozunguka) matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu wakati wa kufomati Windows inaweza kuiambia SSD kwamba nafasi yote sasa iko huru nayo ikaanza kusafisha yenyewe ndani kwa ndani. Hapo chomoa mapema, na kama data ni ya thamani kweli mpelekee mtaalamu wa kuokoa data bila wewe kujaribu jaribu kwanza.

SWALI: Mambo fundi. Eksteno yangu ina nafasi ya GB 200 wazi kabisa lakini nikikopi muvi niliyoirekodi ya GB 6 inaniambia faili ni kubwa mno. GB 6 kwenye 200 inakuwaje kubwa?

JIBU: Poa. Hiyo ni FAT32. Inaandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 32 ni 4,294,967,295, kwa hiyo faili moja haliwezi kuzidi hapo, karibu GB 4, hata diski ingekuwa tupu yote. Mafaili madogo elfu kumi yataingia ila hilo moja halitaingia ng'o. Ifomati kwa exFAT baada ya kutoa vilivyomo. Windows ina komandi inaitwa convert inayoibadilisha FAT32 kuwa NTFS bila kufuta, lakini ukiwa na Mac utajikuta kwenye tatizo la dada wa barua ya kwanza, kwa hiyo fikiria kwanza unaitumia wapi. FAT32 mi nawaachia redio za gari na TV za zamani ambazo hazijui kitu kingine. Na kabla hujahama, kama na wewe huwa unaichomeka kwenye TV, soma kile kitabu chake kinasema inakubali mfumo gani, manake TV hazifanani hata kidogo kwenye hili.

SWALI: Nina laptopu moja yenye Windows na Linux pamoja, nachagua wakati wa kuwasha. Eksteno yangu ni NTFS. Ilikuwa inafanya kazi kote kote, siku hizi nikiingia Linux mara inakubali kuandika, mara inasema ni ya kusoma tu, mara haifunguki kabisa. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha na mlango wa USB. Linux imeharibika?

JIBU: Linux yako nzima, hapo ina busara kuliko unavyodhani. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down Windows haizimiki kabisa, inajiweka nusu usingizi: inahifadhi hali ya kenel kwenye diski ili kesho iwake haraka. Katika hali hiyo diski za NTFS zinaweza kubaki na alama kwamba bado ziko kazini, hazikufungwa vizuri. Linux ikija ikaiona hiyo alama inakataa kuandika, na inafanya vizuri sana kukataa, kwa sababu ingeandika afu Windows ikaamka na kumbukumbu zake za jana ingevuruga kila kitu.

Ndo maana inakuja na kuondoka. Siku uliyobonyeza Restart unakuta inakubali manake Restart inafunga kila kitu kikweli kweli, siku uliyobonyeza Shut down unakuta inagoma. Jaribu uangalie kama hazifuatani hivyo. Dawa yake ni kuzima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kwenye ile sehemu ya kuchagua vitufe vya kuzima vifanye nini. Kama hutaki kuizima moja kwa moja, shikilia Shift wakati unabonyeza Shut down, siku hiyo itazimika kabisa. Na eksteno uwe unaitoa kwa utaratibu ndani ya Windows kabla ya kuzima, usiiache imechomekwa afu uondoke nayo mashine ikiwa imelala.

Kama alama imeshabaki, irudishe Windows uipitishie komandi ya chkdsk yenye /f, hiyo ndo inakagua na kurekebisha NTFS ipasavyo. Kwenye Linux kuna ntfsfix na utaikuta inapendekezwa kila mahali, lakini kazi yake ni ndogo, inarekebisha vitu vichache na kuitoa alama, ukaguzi wenyewe unaachiwa Windows. Mtu anaitumia, diski inafunguka, anadhani imepona kumbe ugonjwa uko ndani unaendelea. Mi naitumia nikiwa nataka kutoa mafaili tu na Windows iko mbali.

Kwa mtu wa Windows na Linux bila Mac, NTFS bado naiona chaguo zuri kuliko exFAT, hasa kwa sababu ya lile daftari la ndani nililolieleza juu. Linux ilikuwa inaandika NTFS miaka mingi kwa programu inaitwa NTFS-3G, na tangu kenel ya 5.15 mwaka 2021 kuna draiva nyingine iliyomo ndani ya kenel yenyewe. Kuhamia ext4 kwa ajili ya eksteno ya kushirikiana usifanye. Windows haiifungui bila nyongeza, na ukimpa mtu mwingine ataletewa ile meseji ya kufomati niliyoisema.

SWALI: Fundi naomba kujua, mi nina folda ya kodi (code) za programu, mafaili madogo madogo mengi sana. Kwenye Linux folda nzima ina GB 2 tu, nikiikopi kwenye eksteno ya exFAT inakula zaidi ya mara tano ya hapo. Tena mafaili mengine yamegoma kabisa kukopi.

JIBU: Hapa kuna mambo mawili yameingiliana. La nafasi: mfumo wa faili unagawa diski vipande, na kila faili linachukua kipande kizima hata kama halijakijaza. exFAT inayofomatiwa na Windows kwenye diski yoyote kubwa kuliko GB 32 inaweka vipande vya KB 128. Kwa hiyo faili la KB 1 linakalia KB 128, na ukiwa nayo laki moja unaona yanakoenda. Ext4 kwa kawaida inatumia vipande vya KB 4. Unaweza kufomati upya ukachagua kipande kidogo kwenye Allocation unit size, lakini kwa kazi yako dawa rahisi ni kuifunga folda nzima iwe faili moja la zip au tar ndo ulikopi. Itaenda haraka mara nyingi zaidi pia, kukopi mafaili madogo laki moja kunachosha eksteno yoyote.

La kugoma: exFAT haina vile viungo ambavyo Linux na Mac wanatumia kuelekeza faili moja kwenye jingine, wala haihifadhi ruhusa za nani asome nani aandike. Kodi za programu zimejaa vitu hivyo. Ukifunga kwa tar vyote vinabaki salama ndani ya lile faili moja. Angalia na majina: Windows haitaki majina yenye : wala ? wala * wala " wala < > | na mikwaju yote miwili, Linux yenyewe inakubali karibu kila kitu. Afu kwa Linux Ripoti.docx na ripoti.docx ni mafaili mawili tofauti, kwenye exFAT ni moja, ukikopi yote mawili la pili litataka kumfuta mwenzie. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kureplesi, soma jina vizuri kabla hujakubali.

SWALI: Nikikopi kwenye Linux mstari unafika mwisho haraka sana, nikitaka kuitoa inaniambia subiri, inasubirisha hata dakika kumi. Naweza kuchomoa tu?

JIBU: Hapana, tafadhali usichomoe. Linux inapokea mafaili kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwanza, mstari unaonyesha yameshapokelewa, ila kuyaandika kwenye eksteno bado kunaendelea nyuma. Hizo dakika kumi ndo kukopi kwenyewe. Ukitaka kujua imeisha lini andika sync kwenye terminali, ikirudisha mstari mpya basi kila kitu kimefika.

SWALI: Eksteno ya 2TB, Windows inasema 1.81TB, Mac ya kazini inasema 2TB. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu, TB 2 kwake ni baiti 2,000,000,000,000. Windows inagawa kwa 1024 mara nne afu bado inaandika TB, inapata 1.81. Mac tangu toleo la 10.6 inahesabu kwa elfu kama mtengenezaji. Baiti ni zile zile.

SWALI: Nataka eksteno yangu iwe na paswedi kwa sababu ina nyaraka za wateja, na natumia Windows, Mac na Linux. Kwenye Windows niliiwekea BitLocker, Mac ikakataa hata kuiona.

JIBU: BitLocker ni ya Windows, na ule ulinzi wa Mac nao ni wa Mac. Kwa mashine zote tatu tumia VeraCrypt, ni ya bure, ila inabidi uiinstol kwenye kila kompyuta, kwa hiyo kwenye kompyuta ya mtu asiyekuruhusu kuinstol kitu hutaweza kufungua. Njia ninayoipenda ni hii: eksteno ibaki exFAT ya kawaida, ndani yake utengeneze kontena ya VeraCrypt, ambayo kwa nje ni faili moja kubwa tu, na nyaraka za wateja zikae humo peke yake. Hivyo vitu vya kawaida unaweza kumpa mtu yeyote bila kufungua vya siri. Ndani ya kontena nako fomati exFAT, la sivyo utarudi kule kule kwa Mac kusoma bila kuandika. Kontena lifunge kwenye VeraCrypt kwanza ndo uitoe eksteno, kwa mfuatano huo. Na paswedi iandike uiweke mahali salama mbali na eksteno, manake ukiisahau mimi siwezi kukusaidia na hakuna fundi mwingine atakayeweza.